Filamu sita za Kiswahili ambazo wengi hawajaziona, na namna ya kuzionyesha watu wasiondoke

Swali la msomaji: Tuna kikundi cha vijana hapa Morogoro. Kila Ijumaa usiku tunaonyesha filamu uani kwa projekta, watu wanafika kama themanini. Wameanza kuchoka na filamu za mapigano zilizotafsiriwa. Nataka kuwaonyesha filamu nzuri za Kiswahili ambazo hazikupata jina. Nilijaribu moja iliyosifiwa sana kwenye matamasha ya nje, nusu saa tu uwanja ukawa nusu. Nianze na zipi, na nifanye nini ili watu wabaki?

Jibu:

Ndugu yangu, usiwalaumu watazamaji wako haraka. Filamu ya namna hii mara nyingi huharibikia mikononi mwa anayeionyesha: maneno hayasikiki, manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, yanazibwa na vichwa vya waliokaa mbele, au iliyofaa wiki ya tano imewekwa wiki ya kwanza. Ndiyo maana sitaishia kwenye majina. Nitakupa na mpangilio, kisha tuingie kwenye sauti, manukuu na ruhusa, maana huko ndiko maonyesho mengi yanakokwama.

Ujue pia kwa nini filamu hizi hazijulikani. Nyingi zimetengenezwa kwa fedha za nje au kwa ubia, zikazinduliwa Berlin, Rotterdam au Toronto, zikapata tuzo, halafu zikabaki mikononi mwa wasambazaji wa Ulaya. Huku kwetu filamu iliwafikia watu kwa kanda, baadaye kwa DVD na kibanda umiza, na njia hiyo ilibebwa na Bongo Movie na filamu za Hong Kong zenye msimuliaji. Hizi hazikupitia huko. Zilionyeshwa siku chache kwenye tamasha la ZIFF pale Zanzibar au kwenye majumba machache ya Nairobi, basi. Ubora wake haukuwahi kupimwa na watazamaji kama wako.

Wiki ya kwanza weka Supa Modo, ya Kenya, mwaka 2018, mwongozaji Likarion Wainaina. Ina dakika 74 tu. Jo ni mtoto wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini, na dada yake Mwix, asiyevumilia kumwona mtoto amelala tu akingoja kufa, anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu kama mashujaa anaowapenda kwenye filamu. Kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo huo, mpaka wanaamua kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Naiweka mwanzo kwa sababu moja kubwa: ni filamu kuhusu watu wanaopenda filamu. Humo ndani kuna ukumbi wa video wa kijijini na kijana anayesimulia juu ya picha kwa kelele na mbwembwe, kama watu wako walivyozoea kwa wasimuliaji wa filamu kama Lufufu au DJ Afro. Watajiona humo mapema, na ukishawapata hapo hawatakuacha hata huzuni itakapokuja. Angalizo ni lugha. Wahusika wanachanganya Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, na ile ya Kikuyu mtazamaji wa Morogoro haimfikii bila manukuu. Hilo nitalirudia.

Wiki ya pili onyesha Soul Boy ya Hawa Essuman, 2010, kama saa moja tu. Imepigwa Kibera, Nairobi, na waigizaji wake wakuu ni vijana wa hapohapo. Abila, mwenye miaka 14, anamkuta baba yake hajiwezi, anadai roho yake imechukuliwa. Kijana anakwenda kwa Nyawawa, mwanamke anayeogopwa na wote, naye anampa majukumu saba ayatimize ili roho irudi. Mtu aliyekulia hadithi za bibi hahitaji maelezo: shujaa, mzimu, majukumu saba, rafiki wa kike mwenye akili kuliko shujaa mwenyewe. Ilipata tuzo ya watazamaji kule Rotterdam mwaka 2010, na tuzo ya watazamaji kwangu ina uzito kwa kazi kama yako kuliko ya majaji. Kwa kuwa ni fupi, tanguliza Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, dakika 20 na kidogo. Inaonyesha dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, watu wakiishi chini ya ulinzi na kuhesabiwa kila tone. Maneno ni machache mno, kwa hiyo lugha haikusumbui.

Wiki ya tatu rudi nyumbani: T-Junction ya Amil Shivji, 2017, iliyofungua tamasha la ZIFF mwaka huo. Fatima amefiwa na baba ambaye hakuwa karibu naye. Hospitalini anakutana na Maria, ambaye amelazwa, na Maria anaanza kumsimulia habari za watu wa njiapanda: wauzaji wadogo, maskani yao, na kilichowapata. Fatima anarudi tena na tena kusikiliza. Hii ni Dar es Salaam isiyo na maghorofa ya Masaki wala magari ya kukodi ya kujionyesha, na Kiswahili chake ni kile unachokisikia ukishuka kwenye daladala. Udhaifu wake ni mwendo. Inakwenda polepole, na hadithi iko ndani ya hadithi. Waambie watu kabla hujaanza, sentensi moja tu, kwamba kuna hadithi mbili na ya Maria ni ya nyuma. Wengi hupotea dakika ishirini za mwanzo kwa kutojua wako wakati gani, na mtu aliyepotea ndiye wa kwanza kunyanyuka.

Wiki ya nne ndiyo Makala, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ninaipenda sana na ni rahisi kuiharibu. Iliongozwa na Mfaransa Emmanuel Gras na ilishinda tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes mwaka 2017. Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga, kusini mwa Kongo, ambako makala ndiyo mkaa. Si igizo. Ni maisha halisi ya Kabwita Kasongo, mchoma mkaa wa kijijini karibu na Kolwezi anayetaka kujenga nyumba yake. Anaangusha mti mkubwa kwa shoka, peke yake, na kamera haimkimbii: unaona kila pigo, unaona anavyopumzika. Anajenga tanuri la udongo, anachoma, anapakia magunia kwenye baiskeli mpaka baiskeli yenyewe haionekani, halafu anaisukuma kama kilomita 50 hadi mjini. Mzigo umezidi urefu wake. Ameshika fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mwili umelala upande, na kila mlima anausukuma hatua kwa hatua huku malori yakimpita na kumfunika vumbi. Njiani anaangushwa, anatozwa, na sokoni wanunuzi wanamkatia bei. Ukimwona anauliza bei ya mabati, tayari umeshapiga hesabu pamoja naye ya magunia mangapi yanahitajika.

Mtu wa Morogoro anazijua baiskeli za mkaa, huziona barabarani kila siku. Hapo ndipo nguvu yake ilipo kwa watazamaji wako. Lakini ina dakika 96, maneno ni machache, na hakuna msimulizi anayekuambia uhisi nini. Ukiiweka wiki ya kwanza, uwanja utabaki mtupu, na nashuku jaribio lako la awali lilikuwa na filamu ya mwendo huu. Wiki ya nne watu wameshakuamini. Ongeza kitu kimoja: mwalike mchoma mkaa au muuza mkaa wa mtaani kwenu akae mstari wa mbele, na baada ya filamu apewe nafasi ya kwanza kusema. Kiswahili cha Katanga kina maneno na matamshi tofauti na ya kwetu, ila sikio likizoea dakika kumi linafuata. Hata hivyo acha manukuu yawepo.

Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016, dakika 75, inafaa wiki ya tano. Kaleche anajikuta porini, hajui ametoka wapi, anaingia kwenye nyumba ya wageni na kuambiwa na Thoma kwamba ameshakufa, kama wote waliomo. Wamekwama hapo mpaka kila mmoja akubali alichokifanya au alichofanyiwa alipokuwa hai. Ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, kule Toronto. Ni ya watu wazima, na sehemu kubwa ni Kiingereza, basi usiitegemee kama kikundi chako hakina manukuu ya Kiswahili. Ukishindwa kuyapata, iruke bila huzuni na uweke Something Necessary ya Judy Kibinge, ya 2013, juu ya muuguzi anayejaribu kusimamisha maisha yake baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya wa 2007.

Wiki ya sita, Vuta N'Kuvute, tena ya Amil Shivji, 2021, dakika 92, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin aliyeikimbia ndoa, Denge anayepigania uhuru. Ilikwenda Toronto na Tanzania ikaiteua kwa Oscar. Riwaya imesomeshwa kidato cha tano na sita miaka mingi, kwa hiyo una watazamaji waliokwisha andaliwa bila gharama: peleka tangazo kwenye shule za sekondari na vyuo vya jirani. Watakaokuja watalalamika kwamba vitu vingi vya kitabuni havimo, na ni kweli, filamu imekaza kwa Yasmin na Denge na kuacha sehemu kubwa ya safari. Hayo malalamiko ndiyo mjadala wako wa usiku huo, usiyazime. Mpiga picha amefanya kazi kubwa kwenye giza na vivuli, ndiyo sababu naiweka mwisho: mpaka hapo utakuwa umeshajua projekta yako inavyomudu picha za usiku.

Kuna ya saba, ukibahatika kuipata. Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, 2001, ambayo Tanzania iliipeleka Oscar. Profesa Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mwanamke aliyenyamaza miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Uigizaji wa kunyamaza kwa kiasi hicho haupatikani kwenye filamu zetu za sasa, na inasikitisha kwamba vijana wengi wanaosoma uigizaji hawajawahi kuiona.

Tuje kwenye vitendo.

Sauti kwanza, kwa sababu mtazamaji husamehe picha hafifu lakini hasamehi maneno asiyoyasikia. Filamu hizi zimechanganywa sauti kwa ajili ya ukumbi uliotulia, si ua wenye pikipiki nje ya ukuta. Faili lake mara nyingi lina njia sita za sauti, na mazungumzo yamewekwa kwenye njia ya katikati. Ukilicheza kwenye kifaa kinachotoa njia mbili bila kuzichanganya vizuri, muziki unavuma na watu wanapepesa midomo tu. Dalili ni hiyo hiyo kila mara: upepo na ngoma vinasikika, maneno yako mbali. Dawa yake ni kuweka mpangilio wa sauti kuwa stereo ndani ya programu ya kuchezea, kama VLC, kabla ya watu kufika. Kisha kwenye madoido ya sauti humo humo washa kile kipengele kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, ili kunong'ona kupande na mlipuko ushuke. Punguza besi kwenye mixer. Besi nyingi inayopendeza kwenye muziki ndiyo inayomeza maneno.

Spika mbili zikae pembeni mwa kitambaa, kulia na kushoto, juu kidogo ya vichwa vya waliokaa, si nyuma ya watu. Kama una spika moja tu, hakikisha waya wako unaunganisha pande zote mbili, maana jeki isiyoendana huleta upande mmoja na nusu ya sauti inapotea. Jenereta liweke mbali, angalau mita 20, na ukuta uwe katikati. Kabla ya onyesho chagua vipande vitatu, cha kunong'ona, cha umati na cha muziki, ucheze huku umesimama mstari wa mwisho. Mstari wa mbele haukuambii kitu.

Kitambaa cha marekani cheupe, mita 3 kwa 1.7, kinatosha watu themanini. Kifanye tabaka mbili au weka kitambaa cheusi nyuma, la sivyo mwanga unapenya na picha inafifia. Ukingo wa chini uwe mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini. Hili wengi hulidharau, na ndilo linalofanya manukuu yazibwe na vichwa. Mstari wa mwisho usizidi mita 15. Projekta iwe na mwanga wa lumeni 2,500 hadi 3,000 kwa kipimo cha ANSI. Zile za bei rahisi zinazoandikwa tarakimu kubwa bila neno ANSI huwa na mwanga mdogo kuliko zinavyodai, na kwenye Vuta N'Kuvute zitakuonyesha giza tupu. Usianze kabla ya saa moja na nusu usiku.

Manukuu sasa. Manukuu ni faili dogo la maandishi, kwa kawaida la SRT, na unaweza kuliandika mwenyewe kwa Kiswahili kwa programu ya bure ya Subtitle Edit. Omba kwa mwenye filamu faili la manukuu ya Kiingereza, halafu badilisha maneno bila kugusa muda. Mistari isizidi miwili, kila mstari usivuke herufi 40, na yakae kwenye skrini angalau sekunde moja na si zaidi ya sekunde saba. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo usijaribu kutafsiri kila neno. Mhusika akisema sentensi tatu za haraka, andika ile inayobeba jambo. Hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, lipe jina lile lile la filamu, liweke folda moja na filamu. Kwa Supa Modo unahitaji kuandika sehemu za Kikuyu na Kiingereza peke yake. Acha Kiswahili kisikike bila maandishi.

Manukuu yakichelewa au kuwahi kwa kiasi kile kile tangu mwanzo, kwenye VLC bonyeza G kuyawahisha au H kuyachelewesha, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Lakini yakianza sawasawa na kuzidi kuachana kadiri filamu inavyokwenda, hizo herufi hazitakusaidia. Hapo manukuu yametengenezwa kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde na filamu yako ni ya 24, au kinyume chake. Kwenye filamu ya dakika 90 tofauti inafika zaidi ya dakika tatu na nusu mwishoni. Badilisha kasi ya fremu ndani ya Subtitle Edit, uhifadhi upya, ukague dakika tano za mwisho.

Ukiona kazi ya manukuu ni kubwa, mpe mtu kipaza sauti asome tafsiri ya sehemu za Kikuyu pekee, kwa sauti ya chini. Asiongeze vichekesho. Msimuliaji wa mbwembwe anaifaa filamu ya mapigano. Hapa ataua kimya ambacho filamu imekijenga kwa dakika nzima.

Ruhusa usiipuuze. Onyesho la uani ni onyesho la umma hata kama hakuna kiingilio, kwa hiyo unahitaji idhini ya mwenye filamu na kufuata taratibu za Bodi ya Filamu. Ukiwa Zanzibar chombo cha namna hiyo ni BASSFU, Kenya ni KFCB. Habari njema ni kwamba Supa Modo, Soul Boy, Kati Kati na Something Necessary zote zimetoka kwenye mradi mmoja, One Fine Day Films ya Ujerumani, ambayo Tom Tykwer ni mmoja wa waanzilishi wake, kwa ushirikiano na watayarishaji wa Nairobi. Barua moja inaweza kukuonyesha njia ya filamu nne. T-Junction na Vuta N'Kuvute zote ni za Kijiweni Productions ya Dar es Salaam. Kwenye barua taja mahali, tarehe, idadi ya watu, kama kuna kiingilio au hakuna, na kwamba kikundi si cha biashara. Omba faili la MP4 la 1080p pamoja na SRT iliyo pembeni, si iliyochomwa ndani ya picha, maana iliyochomwa huwezi kuibadilisha kuwa Kiswahili. Anza kuandika miezi miwili kabla. Wengi hujibu polepole, na waliojibu mara nyingi hukubali kwa ada ndogo au bure wakiona umeeleza vizuri.

Tazama kila filamu mwenyewe hadi mwisho kabla ya Ijumaa, hasa kwa ajili ya watoto watakaojipenyeza. Kati Kati na Vuta N'Kuvute nisingewaonyesha wadogo.

Baada ya filamu mjadala uwe dakika 15 na usiulize wamejifunza nini, swali hilo huwageuza watu kuwa wanafunzi. Uliza jambo wanaloweza kugombania: mama yake Jo alikosea kuukataa mchezo wa Mwix mwanzoni? Kabwita angeuza kwa bei ile au angerudi na mzigo? Halafu wape kipaza sauti waliokaa nyuma kabisa, ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kuondoka.

Barua kwa One Fine Day na Kijiweni zitoke wiki hii. Kwenye ratiba yako, kila kingine kinasubiri majibu hayo.